Namna ya Kwenda Hekaluni kwa Wahindu Ukitokea Nyamache

Hatua ya kwanza ni kuamua kwamba unakwenda, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Nyamache tumekunywa chai ya maziwa na kula chapati tangu tupate akili. Tumenunua mabati, sufuria na vitambaa vya sare katika maduka ya Wahindi wa Kisii mjini, na baba zetu walinunua hapohapo. Lakini uliza stendi ya matatu ni nani amewahi kuingia hekaluni mwao. Mmoja atakwambia ni dhambi, wa pili atakwambia askari wa langoni atakufukuza, wa tatu ataapa kwamba mle ndani mnafugwa nyoka. Wote watatu hawajafika. Wasikilize kwa heshima ya umri wao, kisha ukate tiketi.

Ukihitaji sababu ya kuwajibu, sababu ipo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India. Takriban 2,500 walikufa kazini, na chini ya 7,000 ndio waliobaki baada ya mikataba kwisha. Wafanyabiashara wa Kigujarati wakaifuata njia hiyo ya reli, wakafungua maduka hadi kwenye vituo ambavyo serikali yenyewe ilikuwa haijavizoea. Mwaka 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 44 la nchi hii. Kabila mwenzako humjui kwa kumwona nyuma ya kaunta tu.

Jua pia unakwenda kwa nani, maana si kila Mhindi ni Mhindu. Ismailia na Bohora ni Waislamu, Wajaini wana dini yao, na Kalasinga ana gurdwara yake, yaani nyumba yake ya ibada. Ukishuka kwenye gurdwara ya Makindu, barabara ya Mombasa, utalishwa bure na utashiba, lakini usirudi Nyamache ukitangaza kwamba umetembelea hekalu la Kihindu. Hapo ulikuwa kwa Makalasinga.

Sasa safari. Mwenye nauli kidogo aende Kisumu: ukitoka Kisii unapita Oyugis, Sondu na Ahero, na mjini utakuta mahekalu ya jamii iliyokaa kando ya ziwa tangu enzi za reli. Mwenye nauli zaidi aende Nairobi kupitia Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu. Huko Wahindu wa Arya Samaj wamekuwa na chama chao tangu 1903. Hata hivyo ushauri wangu ni uanzie kwenye hekalu la dhehebu la BAPS Swaminarayan, barabara ya Forest, ambayo siku hizi ina jina la Profesa Wangari Maathai. Lilifunguliwa Agosti 1999 na Pramukh Swami Maharaj, aliyekuwa kiongozi wao wa kiroho, na ndilo la kwanza barani Afrika kujengwa kwa mtindo ule wa kale wa mawe na mbao za kuchongwa.

Mtu wa Gusii haruhusiwi kupita hapo haraka. Wengine wapite, wewe simama. Jiwe lile la manjano ni la Jaisalmer, kule Rajasthan, na lilivuka bahari ili lifike hapo. Sisi ni watu wa jiwe la sabuni. Kule Tabaka tumekua tukiona bonge likikatwa kwa panga, likifuatwa na kisu, kisha msasa na maji, mpaka kiboko anatokea. Chagua nguzo moja, usiangalie nyingine. Anzia chini upande na mistari ya maua na majani. Tazama jinsi patasi ilivyoingia nyuma ya jani mpaka jani likabaki limeshikwa na ukingo tu. Kisha inama uangalie sehemu za chini, zile zenye kivuli ambazo mgeni wa kawaida hazioni, uone kama fundi alilegea. Nina hakika utainuka ukiwa na maswali. Mchongaji wa Tabaka akiletwa hapa kwa siku moja atarudi nyumbani na mambo ya kumfundisha mwanawe, na ni jambo la kusikitisha kwamba wachongaji wetu wengi wamewahi kuuza vinyago hadi Ulaya bila kufika barabara ya Forest.

Mlangoni utavua viatu. Kwa hiyo usije na mabuti yenye kamba za kupanda hadi kwenye goti, utakuwa bado umeinama pale wakati wenzako wameshatoka. Soksi nazo zikaguliwe usiku wa kuamkia safari, kidole gumba kisije kikasalimia watu kabla yako. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume na wanawake sawa. Mahekalu mengine hukataza vitu vya ngozi, hivyo uliza kuhusu mkanda wako. Simu izimwe, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Katika mahekalu ya Swaminarayan wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao. Mliokuja kama wachumba mtaonana nje.

Saa ni muhimu. Kwa Wahindu, sanamu iliyowekwa wakfu hutunzwa kama mgeni mtukufu aliye hai: asubuhi huamshwa, huvishwa, hupewa chakula, na mchana hupumzishwa. Ukitokea saa nane mchana huku jasho likikutoka, utakuta milango ya madhabahu imefungwa na hakuna wa kulaumu. Piga simu uulize saa za wageni.

Kuna mstari ambao hutauvuka, na kwa hili Mgusii hahitaji somo refu. Sisi tumelelewa na chinsoni, ile miiko yetu ya heshima, na baba hana ruhusa ya kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa hata kama ndiye aliyetoa ng'ombe. Mbele ya sanamu nako hufika pujari, kuhani wa hekalu, peke yake. Wewe utabaki ulipoelekezwa. Ukiona watu wanazunguka madhabahu, wanazunguka kwa kuiweka upande wao wa kulia, basi fuata mkondo huohuo. Wakati wa ibada ya arti, taa yenye tambi zilizoloweshwa samli huzungushwa mbele ya sanamu huku kengele zikilia, kisha hupitishwa kwa watu. Kila mmoja hupitisha viganja juu ya mwali, akavigusisha usoni. Usipotaka, simama tu kwa adabu. Hakuna atakayekusukuma.

Hapo ndipo lile swali la dhambi linajibika. Kutazama watu wakisali si kusali. Sijaona hekalu linalomvizia Msabato wa Nyamache mlangoni ili kumbadilisha dini. Na kwa kweli Msabato ndiye atakayejisikia nyumbani kuliko wote, kwa sababu hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna nyama. Jikoni kwa Swaminarayan hata kitunguu na kitunguu saumu havimo. Ukipewa prasad, yaani chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya miungu, pokea kwa mkono wa kulia na ukile chote. Kukitupa ni tusi. Ukitaka kwenda na mkono wenye kitu, chukua matunda. Ndizi zetu zilizoiva zinafaa kabisa, ila uliza kwanza wapi pa kuziweka, usije ukamkabidhi mkungu mzima mlinzi ambaye hajui la kufanya nao.

Sikukuu hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe huhama. Shivaratri huwa Februari au Machi, na Holi, ile ya kurushiana rangi, huja na mwezi mpevu wa Machi hivi. Vaa nguo ambayo hutaililia. Navratri ni usiku tisa wa kucheza kwa duara, mara nyingi kati ya Septemba na Oktoba. Ukialikwa kwenye duara la vijiti vya dandia, jifunze kwanza ukiwa pembeni, maana vijiti hivyo vina kasi na vidole ni vyako.

Lakini ya kwenda ni Diwali, Oktoba au Novemba, usiku wa giza usio na mwezi, taa zikiwaka kila ukingo. Sheria yetu ya sikukuu inaitambua kuwa mapumziko kwa Wahindu. Wenye maduka wasikilize hapa. Siku hiyo wafanyabiashara wa Kigujarati huleta vitabu vya hesabu mbele ya miungu Lakshmi na Ganesha. Kitabu kipya hufunguliwa ukurasa wa kwanza, huandikwa maneno ya baraka, hutiwa alama ya unga mwekundu, na ndipo mwaka wa biashara huanza. Siku hizi kompyuta hupangwa safu pamoja na vitabu. Niliposikia haya niliwafikiria wenye vibanda wanaoandika madeni nyuma ya pakiti ya sigara. Mtu anayekipeleka kitabu chake cha hesabu mbele ya Mungu wake, akijua ataulizwa, atakiandika vizuri. Tuna la kujifunza hapo kuliko kulalamika kwamba biashara ya mji wameishika wao.

Siku ya mwaka mpya wa Kigujarati, mara baada ya Diwali, hufanywa Annakut. Vyakula visivyo na nyama hupangwa ngazi kwa ngazi mbele ya sanamu mpaka vinakuwa mlima: wali, dengu, mboga, vitafunio, halua na matunda. Baadaye hugawiwa watu. Usiende ukiwa umeshiba.

Diwali ya mwaka 2026 inaangukia Jumapili, tarehe 8 Novemba. Sabato itakuwa imekwisha, na kisingizio nacho kimekwisha. Na ninyi walimu wa Nyamache mnaowapeleka watoto Nairobi kuona simba na ndege, ongezeni saa moja ya barabara ya Forest. Pigeni simu hekaluni mapema, wafundisheni watoto kuvua viatu na kunyamaza, kisha waacheni wasimame mbele ya zile nguzo.