Jinsi ya Kumsoma Shakespeare Ukiwa Steji ya Kibwezi

Anza kwa kutupa kamusi. Maneno magumu hayana madhara: ukikuta usilolijua utamuuliza mwalimu, naye ataomba ruhusa kidogo aende akaulize. Yanayoangusha watu ni yale unayoyajua.

Katika shule moja hapa Kibwezi niliwahi kumwona binti wa kidato cha pili akiigiza Juliet. Alipanda juu ya dawati, akakinga jua kwa kiganja, akaanza kumtafuta Romeo upande wa vilima vya Chyulu. Kosa lilikuwa la “wherefore”, tulilodhani ni “wapi”. Ukumbi mzima tukageuza shingo, tukamsaidia kutafuta. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba neno hilo ni “kwa nini”, na kwamba Juliet hajapoteza mtu. Analalamikia jina la ukoo. Yeyote aliyekatazwa kumposa binti wa jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba angemwelewa papo hapo.

Kwa “let”, andika tu kwenye mtihani kwamba ni kuruhusu, upate sifuri yako mapema. Hamlet anapotaka kuufuata mzuka wa babake, humtishia kifo atakayem-“let”. Zamani hiyo ilikuwa kuzuia.

Mambo yakizidi, kimbilia kwa Nyerere, aliyetafsiri *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Ila usidhani Kiswahili kitakuonea huruma. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare humo amekuwa mabepari, na Azimio la Arusha lilikuwa na miaka 2 tu! Kumbe “bepari” nalo, lilipotufikia kutoka kwa Wahindi, lilikuwa mchuuzi tu, kabla siasa hazijalipaka matope.

“Presently” na “anon” hazisomwi darasani. Hizo nenda steji. Asili ya zote mbili ni mara moja, bila kukawia. Waingereza wakaahidi, wakachelewa, wakaahidi tena, mpaka “presently” ikawa baadaye kidogo. Huamini? Ingia matatu ya Makindu. Makanga atapiga bodi makofi mawili:

“Panda mzee, tunatoka sasa hivi!”

Hesabu viti vitupu. Kumi na kimoja. Toa kitabu chako, tendo la kwanza utalimaliza.