Sumu ya Mshale Sebuleni

Jamani, mitaa yetu ina mambo! Siku hizi nyumba haijawa nyumba mpaka dirishani papangwe vikopo vya mimea minene-minene, ile inayotunza maji kwenye majani. Mtu atabishana bei na muuza maua mpaka jasho limtoke, shilingi mia tano haachii. Muulize sasa, mmea wenyewe unaitwaje? "Aah, ua tu." Ua tu! Na nyumbani anafuga paka.

Paka naye mnamjua. Mwekee dagaa, atanusa na kukupa mgongo. Leta jani jipya, atalitafuna huku anakutazama usoni. Ndivyo alivyoumbwa, hata akiwa ameshiba na mzima wa afya, majani atayajaribu tu.

Kuna jirani paka wake alishinda anatapika. Lo, siku hiyo mtaa haukulala! Ikaapwa kwamba kuna hasidi, mpaka muuza samaki wa watu akaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Kumbe hasidi yuko barazani, alovera kwenye kopo la rangi, ncha zote zimeng'atwa! "Lakini si dawa hiyo?" Dawa ya nani, mama? Ule utomvu wa njano chini ya ganda lake humtapisha paka, humharisha, humlegeza mwili wote.

Na afadhali alovera. Kalanchoe, ile ya vimaua vyekundu na vya njano tunayopelekeana zawadi, ina sumu inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mnyaa, ambao bibi zetu walitukataza hata kuuvunja kwa jinsi utomvu wake mweupe unavyounguza macho, leo umetiwa kwenye chungu cha kauri, eti pambo! Halafu lile waridi la jangwani, shina nene, maua ya kupendeza. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutengeneza sumu ya mishale kwa utomvu wake. Kitu cha kuangushia mnyama wa porini, wewe umekiweka kando ya televisheni, na paka kajilaza chini yake. Tutafika kweli?

Wakiambiwa, wana jibu: "Nimeiweka juu ya kabati, hafiki." Nani hafiki? Paka? Mtume!

Wala hakuna aliyesema tung'oe yote. Haworthia haina sumu kwa paka, echeveria vilevile, na zote mbili zinapendeza. Kasheshe ni kwamba haworthia na alovera changa zinafanana kama kurwa na doto, na wauzaji wengine huziita zote alovera. Kwa hiyo piga picha, uliza kwa anayejua mimea, ndipo ufungue pochi. Usipopata jina, mmea ubaki kwenye chumba ambacho paka hakanyagi.

Na akishatafuna, mpeleke upesi kwa daktari wa mifugo pamoja na kipande cha jani lenyewe, ajue anatibu nini. Lakini wapi! Wetu hukimbilia maziwa. Paka wengi wakubwa tumbo lao haliyawezi maziwa, kwa hiyo anayeharisha anazidishiwa kuharisha, na nyumba nzima imemzunguka inampa pole. Ee Mola, viumbe hawa wasio na kauli umewakabidhi kwa watu gani?