Saa Nne za Shangazi

Shangazi ana duka la vyombo Kariakoo, nami ndiye fundi wake wa programu, kwa mshahara wa chai na lawama. Siku hizi nina msaidizi: wakala wa akili mnemba anayeniandikia programu. Si yule wakala wa kutolea pesa, ingawa huyu naye salio humkatikia katikati ya kazi.

Nilimwambia, "Nakala ya akiba ichukuliwe saa nane usiku." Akapanga 20:00. Yaani saa mbili usiku, duka limefurika, kompyuta imeganda, shangazi anatafuta chenji kwa tochi ya simu. Nikamweleza wakala kwamba sisi saa tunazihesabu tangu jua lichomoze, na za usiku tangu lizame. Akaomba radhi vizuri sana. Kesho yake amesahau.

Dawa, nikaambiwa, ni kumwandikia ujuzi: folda moja, ndani yake faili la SKILL.md, juu jina na maelezo, chini maagizo. Nikajimwaga mistari 700, nikianzia adhana ya alfajiri. Hakusoma hata mmoja. Kumbe akianza kazi huona jina na maelezo tu. Maagizo huyafungua akiona yanamhusu. Maelezo yanaruhusiwa hadi herufi 1,024. Mimi nilikuwa nimeandika "Muhimu sana."

Nikafyeka yote. Maelezo mapya: "Tumia kila inapotajwa saa." Agizo: ongeza sita.

Jumamosi shangazi akapiga simu, sauti tulivu. Akifoka, huwa nina amani zaidi.

"Baba, jana nimefunga duka nina saa nne za ukutani. Leo kompyuta inasema kumi. Hizo sita umeninunulia wewe?"

Saa tatu za mkono nazo zilikuwa tisa. Na nakala ya akiba? Nane ukiongeza sita ni 14:00, mchana kweupe.

Safari hii nikaandika: "Tumia pale tu mtu anapotaja wakati wa kazi kufanyika, mfano 'saa nane usiku'. Usiguse bidhaa." Hesabu nikaiwekea hati fupi ya Python humohumo kwenye folda, inayojua kutofautisha usiku na mchana. Maagizo yote yakabaki mistari kumi na moja.

Sasa nakala huchukuliwa 02:00, watu wamelala. Saa za ukutani zimerudi nne, ila shangazi alishaichapa ile orodha yenye saa kumi. Ameibandika juu ya droo ya pesa, na kila nikipita ananiuliza zile sita nitazileta lini.