Bibi wa Asilimia Mbili

Sheria ya kodi ya 1969 ilimpunguzia mfanyakazi wa Kongo asilimia 2 ya kodi kwa kila mtu anayemlea, mwisho watu 9: bibi, watoto wasiooa wala kuolewa, hata wazazi wa pande zote mbili, mradi waishi kwake. Sasa bwana wa mgodini Luhwindja, ambaye bibi yake kesharudi kwao na sufuria zake, alimwandika nani kwenye fomu ya kodi? Wote, na mama mkwe juu! Mama aliyekatazwa kukanyaga uani pale, kwenye fomu anakaa sebuleni. Ukimuuliza, bwana anakukumbusha kwa upole kwamba talaka hutolewa na mahakama, naye hajafika huko. Ng'ombe wa mahari, hao anawadai kila Jumapili.