Mwongozo kwa Anayetaka Kufunga Abaki na Njaa Tu

Mtume Muhammad (s.a.w.) alituonya kwamba wapo wafungaji ambao fungu lao katika saumu ni njaa na kiu basi. Anayetaka kuingia kundi hilo hahitaji kula mchana. Afuate njia hii tu.

Aanze siku za mwisho za Shaabani. Avunje jungu hasa, na kila ovu analokusudia kuliacha mwezi mzima alifanye wiki hiyo, huku akiweka ahadi ya kulirudia Idi mosi. Mwezi ukiandama agombane na jirani: huyu afuate wa Saudia, yule asubiri wa hapa, na kila mmoja amwone mwenzake hana dini.

Daku aile saa sita usiku kisha alale fofofo. Sunna ni kuichelewesha hadi karibu na alfajiri, lakini anayeichelewesha atakuwa macho, na akiwa macho swala ya Alfajiri itampata.

Mchana ndio wenye kazi. Tumbo limefungwa, kwa hiyo ulimi aufungulie. Asengenye, aape uongo, amfokee utingo wa daladala, na akiulizwa, asingizie swaumu. Mafundisho ni kinyume kabisa: anayetukanwa akiwa amefunga aseme kwamba amefunga, aishie hapo. Na asiyeacha uongo, tumeambiwa Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula. Akiwa na duka, apandishe bei ya sukari, tende na mihogo, maana wanunuzi hawana pa kwenda. Hili linaniuma kuliko yote. Mtu anasimama safu ya mbele katika tarawehe, na nyuma yake yupo mama aliyenunua nusu kilo ya sukari kwa sababu kilo imemshinda, na aliyemuuzia ni huyohuyo wa mbele.

Mgonjwa wa kisukari amshurutishe afunge, amwite dhaifu wa imani. Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa ruhusa mgonjwa na msafiri walipe siku nyingine. Mzee asiyeweza tena analisha maskini kwa kila siku anayokula. Ruhusa hiyo ni rehema, na anayemnyima mgonjwa anaweza kumuua.

Ikifika alasiri, ageuze macho jikoni. Adai mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati, vitumbua, mbaazi, na uji wa pilipili manga. Mke naye amefunga, amesimama mbele ya moto tangu adhuhuri, hana nafasi hata ya kufungua msahafu, na mume amejilaza barazani akiuliza kama bado. Mtume alifuturu kwa tende mbivu laini, akizikosa kwa tende kavu, akizikosa hizo kwa mafunda ya maji. Hakuna anayekatazwa magimbi. Lakini mume ana mikono, na nazi inakunwa na yeyote. Wanaume wenzangu, tuingieni jikoni mwezi huu.

Futari ikiiva, mfungaji wetu afunge mlango. Sinia libaki na chakula cha kumwaga, na mjane wa nyumba ya pili afuturu kwa maji matupu. Anayemfuturisha mfungaji hupata thawabu mfano wa zake, bila za mfungaji kupungua, na hata tende moja inatosha. Thawabu nyepesi namna hiyo sharti aikimbie.

Kisha limebaki jambo la mwisho, zakatul fitri: pishi moja ya chakula kinacholiwa mjini, mchele au unga, kwa kila mtu wa nyumbani, hata mtoto mchanga. Aicheleweshe mpaka watu watoke kuswali Idi. Hapo itahesabiwa sadaka kama sadaka nyingine, na maskini atakuwa ameshaianza sikukuu bila kitu chunguni.