Uainishaji wa Wanafunzi Wauguzi kwa Umbali Wao na Kitanda

Mwaka 1965 mwanasosholojia wa Marekani, Morris Rosenberg, alitoa dodoso la kauli 10 la kupimia mtu anavyojithamini. Kwa heshima zote kwa marehemu, dodoso hujazwa mtu akiwa amekaa, na mwanafunzi muuguzi wodini hakai. Napendekeza tepu ya fundi cherehani: ipimwe nafasi iliyopo kati ya mwanafunzi na kitanda saa ya raundi. Kwa kipimo hiki, wanafunzi wa Jinja na Mbale, Uganda, wana jamii tatu na nusu.

Mshika-ukuta, mita tatu na kuendelea. Anaandika kila kitu, hata kikohozi cha daktari. Akiulizwa swali, hugeuka amtazame aliye nyuma yake, kumbe nyuma ni ukuta.

Mbeba-trei, mita moja. Huyu ndiye utajiri wa taaluma yetu. Anajua glovu zilizobaki, pamba ilipo, na ni dripu ipi inakaribia kuisha, ila hakuna anayemuuliza. Mwite kwa jina, mwambie akapime presha ya bibi wa kitanda cha sita. Akirudi na 150 kwa 95, sista akaiandika kwenye faili bila kwenda kuhakikisha, mabega yanapanda palepale. Mkaripie mbele ya mgonjwa, anarudi ukutani, na hakuna somo la darasani litakalomng'oa huko upesi.

Mlalia-kitanda, sentimita kumi. Anajua kabla hajafundishwa. Tusonge mbele.

Wapinzani watasema ni suala la hulka. Sivyo, ni jiometria. Kitanda kina urefu wa mita mbili hivi na upana wa mita moja kasoro, na kichwani kuna ukuta. Wanaotosha kukizunguka ni kumi tu. Mbale kuna Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, kwa hiyo wanafunzi wa udaktari nao wanataka nafasi. Muuguzi mtarajiwa anajithamini kutokea safu ya pili.

Imebaki ile nusu. Binti wa Sironko akiwa Jinja, kwenye Kisoga, ni mshika-ukuta kamili. Mpeleke Mbale. Bibi aliyeshuka kutoka Mlima Elgon analalamika kwa Kigisu, na daktari mgeni anageukia umati: "Anasema nini?" Binti anapita katikati ya madaktari watarajiwa, anainama, anatafsiri, anauliza la ziada ambalo hakutumwa. Tepu inasoma sifuri. Kamati ya uainishaji bado inabishana tumweke wapi.