Mwenyekiti Aketi, Naibu Amimine Chai

Kwa Waheshimiwa Wanakamati wa Maandalizi ya Siku ya Mwanamke Kiongozi,
Vyuoni, kuanzia Isebania hadi Mbita.

KUH: PONGEZI NA OMBI DOGO



Nawaandikia kwa moyo wa shukrani. Kila Machi inapokaribia, nyinyi huacha shughuli zenu nyingi, mkakaa vikao, mkatia sahihi marupurupu ya vikao, ili sisi wanafunzi wa kike tupate siku moja ya kuambiwa kwamba tunaweza. Sitaji chuo. Vyuo ni vingi siku hizi, na mkitazamana mtajuana.

Nianze na ratiba, maana ndiyo kazi yenu bora kabisa. Ratiba husema saa mbili asubuhi. Na saa mbili asubuhi kweli watu huwapo: wasichana. Wamefika tangu saa kumi na mbili kupanga viti vya plastiki, kufunga vitambaa kwenye nguzo za hema, kuchemsha chai ya maziwa katika sufuria ya kukopa na kuhesabu mandazi yasije yakapungua meza kuu. Wamevaa sare ya kitenge waliyoichangia wenyewe kwa M-Pesa, na kifuani mkanda wa satini ulioandikwa "Itifaki". Mgeni wa heshima hufika saa saba. Huwa ni mwanamume. Hilo halina ubaya wowote. Ndiye aliyepata nafasi, na bahasha ni yake.

Hapo hotuba huanza. Msemaji wa kwanza husema mwanamke ni nguzo ya nyumba. Wa pili husema mwanamume ni kichwa lakini mwanamke ni shingo, na watu hucheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Wa tatu hutuuliza kama tupo; tukijibu tupo, hutuambia hajatusikia. Mshereheshaji hutuita "warembo wetu" kati ya hotuba moja na nyingine, na muziki ukikolea hutuomba tusimame tuonyeshe jinsi tulivyopendeza. Mwanamke wa kwanza kushika maikrofoni ni yule wa kufungua kwa sala. Wa pili ni wa kutoa neno la shukrani, naye hulitoa huku watu wamekwisha kusimama kuifuata harufu ya pilau. "Kwa hayo machache," huwa amesema mgeni wa heshima baada ya dakika arobaini, "mwanamke apewe nafasi ya kusema."

Lakini sifa yenu kuu, waheshimiwa, ni ufundi wa kusoma sheria.

Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yalisema kwamba baraza la wanafunzi litakuwa na mwenyekiti, na kwamba naibu wake atakuwa wa jinsia tofauti na yeye. Wabunge hawakusema ni jinsia gani ikae juu. Mtoto wa darasa la nne akipewa kifungu hicho ataona njia mbili: mwenyekiti mwanamume na naibu mwanamke, au mwenyekiti mwanamke na naibu mwanamume. Nyinyi mmeona moja, mkaitia lami.

Ndiyo maana msimu wa kampeni ukifika, wagombea wa kiume huzunguka hosteli zetu wakitafuta "dada wa kukamilisha tiketi". Sifa zake zinajulikana. Kama mgombea ni wa Ndhiwa, dada awe wa Migori. Kama ni wa Migori, dada awe Mkuria, ili wajumbe wa Kehancha wasiende kwingine. Awe na sauti nzuri na picha nzuri ya kubandika kwenye bango. Asiwe na maswali, hasa ya bajeti. Akishachaguliwa hukabidhiwa wizara ambayo haimo katika katiba yoyote ya wanafunzi: sodo, maua, kadi za rambirambi, keki ya siku ya kuzaliwa ya mwenyekiti. Na Machi ikifika, yeye ndiye mwenye sufuria. (Nasikia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2019 kilimchagua Anne Mvurya, mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanafunzi pale. Nairobi ni mbali, na mambo ya huko yana vurugu.)

Mkilaumiwa, jiteteeni kwa mfano wa wakubwa. Katiba ya 2010 ilisema vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Bunge halijawahi kutimiza sharti hilo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo hiyo. Bunge halikuvunjwa, wabunge wakaendelea kutoa hotuba za Siku ya Wanawake. Mwanafunzi humfuata mwalimu.

Shida yenu moja tu ni majirani.

Tarehe 9 Agosti 2022 wapiga kura wa Homa Bay, ambao wengi wao hawajawahi kuketi chini ya hema lenu wala kupewa fulana yenu, walimchagua Gladys Wanga kuwa gavana. Naibu wake akawa mwanamume, Oyugi Magwanga. Someni tena, taratibu: naibu, mwanamume, jinsia tofauti. Siku hiyo hiyo Millie Odhiambo alichaguliwa tena Suba Kaskazini, Lilian Gogo Rangwe, Eve Obara Kabondo Kasipul. Hivyo ni viti vitatu kati ya vinane vya maeneobunge ya kaunti ile, na hakuna hata kimoja kilichotengewa wanawake. Wanaume waligombea, wakashindwa, wakaenda nyumbani. Ziwa halikukauka. Omena waliendelea kuvuliwa gizani kwa taa kama kawaida.

Wala si jambo lililoanguka kutoka mbinguni mwaka huo. Phoebe Asiyo, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake, aliiwakilisha Karachuonyo bungeni katika miaka ya themanini na tena ya tisini. Mwaka 1997 alipeleka hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi katika siasa, Bunge likaikataa. Yaani mzee wa watu alikuwa akidai hapo, mbele ya wanaume waliomkatalia, kitu ambacho nchi nzima iliandika katika Katiba miaka 13 baadaye. Aliaga dunia Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 92. Nawajua nyinyi: mtaanzisha tuzo kwa jina lake. Nawasihi tu tuzo hiyo ya kwanza msimpe mgeni wa heshima.

Migori mko salama zaidi. Mwaka huo huo wa 2022 maeneobunge yote manane ya Migori yalichukuliwa na wanaume. Ugavana ukaenda kwa mwanamume, unaibu nao kwa mwanamume, asionewe mtu. Mwanamke akabaki na kile kiti cha mwakilishi wa wanawake, ambacho mwanamume haruhusiwi kukigombea. Kwa hiyo nashauri kongamano la kanda lifanyike Migori kila mwaka. Wajumbe watajisikia nyumbani.

Sasa nije kwenye ziara ya jamii, maana hapo ndipo mnapojipita wenyewe.

Basi la chuo huteremka hadi ufuoni, wanafunzi wakashuka na bango lenye picha ya mgeni wa heshima. Akina mama wanaoanika omena na kukaanga mbuta huombwa waache kazi kwa saa kadhaa ili wafundishwe uongozi na matumizi bora ya fedha. Hawa ni wanawake wenye chama. Chama kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wote wanawake, na sanduku la akiba lenye kufuli tatu, kila ufunguo nyumbani kwa mtu wake, lisifunguliwe mpaka wote watatu wawepo. Anayechelewa kikao hulipa faini. Hesabu husomwa kwa sauti, mbele ya wote, kila wanapokutana. Mhadhiri wetu huwaeleza maana ya uwajibikaji. Nao, kwa kuwa wamelelewa wakalelewa vizuri, hupiga makofi. Mimi humwangalia yule mweka hazina nikajiuliza kama baraza letu la wanafunzi limewahi kumsomea mtu hesabu yoyote kwa sauti.

Jaboya hamligusi. Jaboya ni ule mpango ambao mvuvi hamuuzii mama samaki kwa pesa peke yake mpaka mama alipe kwa mwili pia. Kila mtu wa ufuoni analijua neno hilo, na kila muuguzi wa pande hizi anayajua matokeo yake. Lakini wenye mashua huwa wameketi safu ya mbele, na mmoja wao ametoa mbuta wa chakula cha mchana. Busara yenu naielewa. Mnaendelea na mada ya kujiamini.

Kisha mnapanda mti, kwa heshima ya Wangari Maathai. Mti huu una ukoo hapa kwetu. Maathai alikwenda kusoma Marekani mwaka 1960 kwa ule mpango wa ndege za wanafunzi alioupigania Tom Mboya, mwana wa Rusinga, ambaye chuo kikuu cha Homa Bay kimepewa jina lake. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Mwaka 1999 alipigwa kichwani hadi damu ikamtoka kwa kujaribu kupanda mti Karura, na mwaka 2004 akapewa Nobel. Nyinyi humwenzi kwa kumkabidhi mgeni wa heshima jembe jipya lililofungwa utepe. Hupiga jembe mara moja, kamera zikamaliza, akafutwa vumbi viatuni. Kibao cha mti huandikwa jina la mgeni. Kumwagilia huwa ni jukumu la kamati ya wanawake, hadi chuo kifungwe na mti ukauke ukiwa na kibao chake.

Kwa ruhusa yenu, niliache tabasamu kidogo.

Septemba 2018 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Rongo, mjamzito, aliuawa, na mwili wake ukapatikana katika msitu wa Kodera, Homa Bay. Nchi nzima iliongea juu yake kwa wiki nyingi: mavazi yake, simu yake, marafiki zake, mwanamume gani alimnunulia nini. Waliomwongelea hivyo walikuwa wengi kuliko waliouliza msichana wa chuo anayetishwa akimbilie mlango gani, na nyuma ya mlango huo kuna nani.

Swali hilo bado halijaingia katika ratiba. Taa za njia ya kutoka maktaba hadi vyumba vya kupanga nje ya lango haziingii pia. Wala Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, aliyoipeleka Bungeni Njoki Ndung'u akiwa mbunge wa kuteuliwa, wakacheka wenzake na kulalamika kwamba sasa hata kutongoza kutakuwa kosa. Sheria hiyo ina kifungu kinachomgusa mwenye madaraka anayeyatumia kumpata aliye chini yake, shuleni na kwingineko. Tungependa kusomewa kifungu hicho mchana kweupe, na wahadhiri wakiwa wameketi nasi, badala ya ile mada ya "Mwanamke, Urembo na Maono". Tungependa kujua malalamiko hupelekwa ofisi gani, husikizwa na nani, na kama yule anayelalamikiwa ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya kuyasikiza. Siku hiyo mnaweza hata kukosa pilau, tutavumilia.

Nirudi kwenye pongezi, na ombi langu ambalo ni dogo.

Uchaguzi wa baraza la wanafunzi unakaribia. Naomba fomu ya kugombea uenyekiti. Nasisitiza uenyekiti, maana karani akimwona msichana dirishani mkono wake huenda wenyewe kwenye fomu za unaibu. Sheria nitaitii neno kwa neno. Naibu wangu nimekwisha kumpata: ni kijana wa Awendo, mpole, ana sauti nzuri, picha yake inapendeza kwenye bango, na mpaka sasa hajaniuliza swali lolote kuhusu bajeti. Nimemweleza kwamba sufuria huwashwa saa kumi na mbili asubuhi, naye amesema atajitahidi.

Tofauti na manaibu waliotangulia, yeye nitamruhusu kuuliza maswali, na hesabu nitazisoma kwa sauti uwanjani kila mwisho wa mwezi, kama wanavyofanya akina mama wa ufuoni. Mkitaka kuja kujifunza, basi lenu linajua njia.

Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nitakuwa dirishani tangu saa tatu asubuhi, na kalamu yangu mwenyewe.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kamati ya viti na mahema.